Mabingwa Wawili wa Kilo Sitini

Nilitoka Kisangani nikisukuma baiskeli, na kwenye usukani nilikuwa nimefunga jozi moja ya glavu za ngumi. Baiskeli ilibeba madumu manne ya mawese, maana hiyo ndiyo biashara iliyowezekana wakati ule: unasukuma mafuta kuelekea mashariki, unarudi na chumvi na sabuni. Malori yalikuwa yamekufa siku nyingi. Barabara ya Lubutu ilikuwa imegeuka matope yenye miti katikati, na sisi wasukumaji tulipita humo kwa mstari, mabega chini, tukiimba upuuzi. Nilikuwa na miaka ishirini, diploma ya sekondari nimeikunja ndani ya mfuko wa plastiki, na sikuwa na nia yoyote ya kurudi na chumvi.

Glavu zile ndizo zilizoniponza njiani, au zilizoniokoa, mpaka leo sijaamua. Kila kizuizi kilikuwa na askari wake, na askari wa kizuizi kimoja hawakuwa upande mmoja na wa kizuizi kinachofuata, lakini wote walifanana kwa jambo moja: walikuwa wamechoka kukaa bure. Wakiona glavu, hawakuuliza tena karatasi.

"Weye ni boxer? Vua shati tuone."

Basi navua shati, mmoja wao anavua lake, wenzake wanachora duara kwenye matope, tunapigana. Kanuni niliijua tangu kizuizi cha kwanza: usimshinde mwenye bunduki. Ila usianguke upesi pia, kwa sababu akihisi unamdanganya atakasirika zaidi. Kushindwa vizuri ni kazi. Unamgusa mara mbili, unamwacha aone hatari kidogo, kisha unapokea moja ya taya na kukaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Duara zima linalipuka kwa kicheko. Wanakuinua, wanakupa ndizi ya kuchoma, unapita na mafuta yako yote.

Ilichukua zaidi ya mwezi. Lubutu, Walikale, kisha milima ya Masisi, ambako baridi ya asubuhi ilinishangaza hata nikadhani naumwa. Nilipofika Sake na ziwa likatokea upande wa kulia, nilikuwa nimepigwa mara kumi na moja, zote kwa makusudi. Nikapita Mugunga nikicheka peke yangu kama mwehu, na wazo moja kichwani: hapa mbele kuna mji, na katika mji huo nitapigana mahali ninaporuhusiwa kushinda. Nitashinda, na nitakuwa juu peke yangu, bila mwingine kando yangu. Mara moja tu maishani. Baada ya hapo ningeweza hata kwenda kulima.

Niliuza mafuta na baiskeli siku ile ile, katika mtaa wa Mabanga, Goma, nikabaki na glavu.

Ngumi za Mabanga zilikuwa nyuma ya depo ya maharagwe. Mkufunzi wetu alikuwa muzee mmoja kutoka milima ya Masisi, mfugaji zamani, mrefu, mwenye koti zito hata jua likiwaka. Ngumi alijifunza ujanani kwa msimamizi wa shamba la chai. Ng'ombe wake waliisha katika vita vya huko juu, wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alipokufa kwa uzee, muzee alichukua ngozi akatengeneza mkanda wa ubingwa. Mkanda mpana wenye madoa meupe na mekundu, na katikati alishonea kifuniko cha sufuria kilichopigwa nyundo mpaka kikang'aa. Bingwa wa mji, wa kilo sitini, aliuvaa siku ya pambano tu. Baadaye mkanda ulirudi kulala kwa muzee. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, aliupaka samli ya ng'ombe, akiukanda kwa kidole gumba na kuusemesha kwa Kinyarwanda.

"Shampio anaweza kufa, anaweza kuolea mbali, anaweza kunywa," alituambia. "Mukanda inabaki. Kwa hiyo mukanda moja, shampio moja. Mukileta wawili, ile ingine itavaa nini? Kaptula?"

Tulipimwa kwenye mizani ya mama mwenye depo. Ilikuwa mizani ya kutundika, ya magunia: unakaa ndani ya kitanzi cha kamba, miguu inaning'inia, mama anasoma namba kwa Kifaransa, kama kila namba ya maana ilivyosomwa Goma. Mimi nilisomwa "swasante", sitini kamili. Bingwa wakati huo alikuwa kinyozi mmoja mwenye mikono mirefu, na mimi nilikuwa wa pili wake. Nilisubiri zamu yangu kwa furaha. Tarehe ya kupigana naye ilikuwa imekwisha pangwa.

Halafu mlima wa moto ulio juu ya mji ukafunguka.

Sitaeleza moto wenyewe, wengine wameueleza vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba lava ilishuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikaugawa mji vipande viwili kama mkate. Waliokuwa mashariki walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Sisi wa magharibi tulifuata njia ya Sake, maelfu na maelfu, na magodoro kichwani. Muzee hakubeba godoro. Nyumba yake ilikuwa upande ambao moto ulikuja kwanza, na kitu pekee alichotoka nacho kilikuwa kiunoni, chini ya lile koti. Tulipofika Mugunga akafungua vifungo nikaona madoa meupe na mekundu, nikaanza kucheka, naye akacheka, na mama mmoja aliyekaa karibu nasi juu ya mawe akauliza kama tulikuwa tumelewa.

Kinyozi hakuonekana. Siku ya tatu watu walikuwa wamechoka kuogopa. Hakukuwa na kazi, hakukuwa na habari ya uhakika, ardhi ilikuwa bado inatikisika kila saa. Muzee akasimama mbele ya darasa moja la shule tulimolala, akatangaza kwamba mji unaweza kukosa nyumba, maji na umeme, lakini hauwezi kukosa shampio. Vijana watatu wa kilo sitini tulikuwepo. Tulipigana mchana ule, kwenye kiwanja cha shule, mbele ya watu wengi kuliko wote walionitazama maishani mwangu, na niliwashinda wote wawili. Muzee akanifunga mkanda. Watu wakanibeba. Niliona milima, niliona moshi, niliona ziwa, na nilikuwa juu peke yangu.

Siku ile ile, au kesho yake, haijajulikana mpaka leo, vijana wa Murara, mtaa wa upande wa mashariki, waliokimbilia Gisenyi walifanya jambo lile lile kwa sababu zile zile. Walimtafuta kinyozi wakamkosa. Wakapigana kwenye uwanja mmoja huko ng'ambo, na mshindi akawa fundi viatu. Mkanda hakuwa nao, basi akajikatia mwenyewe kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Kinyozi wetu, tulisikia miezi mingi baadaye, alikuwa ananyoa watu Kampala na hakuwa na habari na mtu.

Watu walipoanza kurudi mjini, sisi wa Mabanga tuliingia kwa shangwe kutoka magharibi, mimi mbele na mkanda kiunoni, mama wanapiga vigelegele, mtu anapiga dumu. Wa Murara waliingia kwa shangwe kutoka mashariki. Tulikutana katikati, juu ya lava yenyewe, mahali palipokuwa barabara kubwa wiki iliyotangulia.

Dumu likanyamaza. Tukatazamana. Fundi viatu alikuwa mtu mfupi mwenye masikio makubwa na tabasamu la kudumu, hata akikasirika.

"Pisheni shampio," akasema mtu wa kwao.

"Pisheni nyie," akajibu wa kwetu. "Shampio ni huyu."

"Huyu ni nani? Minajua kila mutu wa ngumi Goma. Huyu alitoka pori na mawese!"

"Na ule wenu amevaa shambreri ya lori! Anaenda kupigana ao kuwekwa pompi?"

Hakuna aliyekubali kupisha. Lakini jiwe lile lilikuwa bado na moto ndani, joto linapanda kupitia soli, na sisi mabingwa wawili, ambao heshima ilitukataza kurudi nyuma hata hatua moja, tukaanza kuinua mguu mmoja, kisha mwingine, kisha upesi zaidi. Watu wakadhani tunapasha misuli. Mtu akapiga dumu kufuatisha miguu yetu. Harufu ya mpira ikapanda. Fundi viatu akachungulia miguu yangu akaniambia kwa sauti ya chini, ya kikazi kabisa:

"Ndugu, soli yako inayeyuka."

"Na yako?"

"Yangu ni ya tairi. Inavumilia kidogo."

Mwishowe muzee alitangaza kwamba pande zote mbili zigeuke kwa wakati mmoja, akihesabu mpaka tatu. Tukageuka. Viatu vyangu viliacha alama mbili nyeusi, na watu walikwenda kuziangalia kwa wiki nzima.

Kesho yake nilivuka kwenda Murara kutafuta viatu, na mtu pekee aliyejua kutengeneza viatu vya kutembelea lava ni nani, kama si yeye. Alinipima mguu kwa kamba bila kunitazama usoni.

"Murara wanasema mimi ndiye shampio," akasema.

"Mabanga wanasema mimi."

"Mutu hawezi kulala vizuri namna hii."

"Hawezi," nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa nimelala vibaya.

Kwa miezi kadhaa Goma haikuzungumza jambo lingine. Kulikuwa na mawe ya kuvunja, nyumba za mbao za kuinua juu ya lava, na huku mikono inafanya kazi midomo inabishana: je, uzito mmoja uwe na bingwa mmoja au wawili? Mama wa sambaza, wauza dagaa wa ziwani, walikuwa na msimamo wao. Mmoja aliweka beseni chini katikati ya njia ili aniulize:

"Kijana, inchi hii iko na prezida wa Kinshasa, iko na mukubwa wa hapa, iko na mukubwa wa kule Beni, na ingine sijui wapi. Bote wanasema ni wao. Munaona ubaya gani ngumi ikuwe na ba-shampio wawili tu? Nyie muko na haya kuliko bale wakubwa!"

"Mama, ndiyo maana tunataka mmoja. Angalau kitu kimoja kiwe kimoja."

Akafikiri. "Basi mupigane mbele ya soko," akasema. "Niuze."

Pambano likapangwa. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa hesabu na michezo, mtu wa haki mpaka anachosha. Masharti yalikuwa rahisi. Atakayeshinda ndiye bingwa wa kilo sitini wa mji mzima, na mkanda wa ngozi utakuwa wake na wa mtaa wake. Muzee alikubali, ingawa niliona anavyoshika kile kifuniko cha sufuria. Hakuwa na kitu kingine kutoka katika maisha yake ya kwanza. "Kama ni kweli weye ndiye," aliniambia, "mukanda haitatoka." Tangu siku ile nilipigania vitu viwili.

Mwalimu akataka tupimwe kwanza mahali pasipo na upande: mizani ya zahanati, ile ya kusimama, yenye muuguzi. Watu wakajaa uani. Nikapanda mimi.

"Senkanti-seti," akasoma muuguzi. Hamsini na saba.

Akapanda fundi viatu.

"Swasante-twa." Sitini na tatu.

Kisha mtu wa Murara akasema mizani ni mbovu. Muuguzi, aliyekuwa mama wa makamo na asiyependa mchezo, akasema mizani hiyo inapima watoto wachanga wa mji huu wote, na kama ni mbovu basi hata yeye msemaji alizaliwa kwa makosa. Ndipo mama mmoja wa Mabanga, mteja wa kila siku wa depo ya maharagwe, akaanza kuelewa. Niliona inavyomfikia usoni, polepole.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu mutoto, kwa balansi ya depo, alikuwa swasante?"

"Swasante kamili," akajibu mtu.

"Na hapa ni senkanti-seti." Akamgeukia mama mwenye depo, aliyekuwa ameanza kujisogeza kuelekea lango. "Mama, kama balansi yako ya kuuza imemuongeza huyu kilo tatu bila kula, maharagwe yangu imeongezwa ngapi?"

"Siku ile alipimwa na viatu!"

"Viatu ya kilo tatu? Alivaa majiwe?"

"Alikuwa na woga! Mutu mwenye woga anakuwa mzito!"

Na upande wa pili wa ua, wachoma makaa waliotoka Masisi walikuwa wamemzunguka tajiri wa makaa wa Murara, ambaye kwa mizani yake ya kununulia fundi viatu alikuwa amepimwa sitini. "Papa, kilo zake tatu zilienda wapi? Uliweka wapi? Rudisha!" Kila mtu anapiga kelele, kila mtu anacheka, mwalimu anapuliza filimbi bure, na sisi wawili tumesimama karibu na mizani tukiwa na kaptula tu, tumesahaulika kabisa.

Ukweli ulikuwa wazi. Hatukuwahi kuwa wa uzito mmoja. Mwalimu akatangaza kwamba hakuna ugomvi tena: kuna madaraja mawili ya uzito, kuna mabingwa wawili halali, kila mmoja na wake, twendeni nyumbani. Watu waliridhika. Ilikuwa hukumu nzuri, na ilinikata maini. Sikuwa nimesukuma mafuta kutoka Kisangani ili niwe bingwa kando ya bingwa. Nilimtazama fundi viatu. Alikuwa anatabasamu kama kawaida yake, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Siku ile niliamua kula.

Mama mwenye depo ndiye aliyenisaidia. Baada ya kurekebisha mizani yake mbele ya wateja wote, alinijia na sahani iliyofunikwa. "Nilikupa kilo tatu za uongo," akasema. "Nitakupa za kweli. Ata zaidi." Akatimiza. Maharagwe asubuhi, maharagwe na fufu mchana, viazi na maharagwe jioni, na sambaza wa kukaanga katikati. Muzee naye akaleta maziwa mabichi yaliyoganda aliyoyapata kwa jamaa zake. Nilikula mpaka nikaota nakula. Nilikimbia asubuhi juu ya lava kwa viatu vya tairi, tumbo likinitangulia, na watoto wa shule wakinihesabia hatua. Sikumwambia mtu nia yangu isipokuwa hao wawili. Nilitaka nitokee ghafla nikiwa na kilo sitini na tatu, nimwambie fundi: haya, niko kwenu, sasa tutaona nani ni nani.

Kwa wiki kadhaa sikuvuka kwenda Murara. Nilisikia tu kwamba fundi viatu amekuwa mcha Mungu wa ajabu. Anafunga siku tatu kwa wiki. Mchungaji wake alimsimamisha mbele ya kanisa kama mfano kwa vijana. Nikafikiri, masikini, amejitoa kwenye ngumi, na nikaongeza kasi ya kula ili nimkute kabla hajawa shemasi.

Siku niliyojiona niko tayari, nilituma ujumbe kwa mwalimu: nataka kupimwa tena, leo, na fundi aje aone. Mjumbe akarudi upesi. Mwalimu alisema ajabu, fundi naye ametuma ujumbe huo huo asubuhi.

Nilipoingia ua wa zahanati nilimwona amesimama kando ya mizani, na sikumtambua isipokuwa kwa masikio. Shingo imekuwa nyembamba, mashavu yameingia ndani. Yeye naye alinitazama tumboni, kisha usoni, kisha tumboni. Tabasamu lake kwa mara ya kwanza likakatika.

"Hapana," akasema. "Usiniambie."

"Na weye usiniambie."

Muuguzi akatupandisha. Mimi: sitini na tatu. Yeye: hamsini na saba. Akasoma mara mbili, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akajifunika uso kwa kitambaa chake, mabega yakitikisika. Mimi nilikaa chini. Fundi akakaa kando yangu. Tulicheka mpaka muzee, aliyekuja na koti lake, akatuuliza nani amekufa.

"Nilifunga kwa ajili yako!" fundi akaniambia, machozi yanamtoka. "Wiki sita! Bibi yangu alidhani nimepata mwanamuke mwingine! Mchungaji aliniombea juu ya kichwa!"

"Mimi nimekula shamba zima."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya daftari lake. Aliandika namba, akachora mstari chini yake, akaandika tena, akainua kichwa na uso wa mtu aliyeona kitu kikubwa.

"Mukijumlishwa," akasema, "munakuwa kilo mia moja na ishirini. Gawanya kwa mbili. Kwa wastani, nyote wawili ni kilo sitini."

Tukatafakari. Hakuna aliyepata kosa ndani yake. Muzee aliomba arudiwe, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha muuguzi, bado yuko kwenye benchi, akasema bila kuondoa kitambaa usoni:

"Lakini ata mara ya kwanza ilikuwa vile. Senkanti-seti na swasante-twa."

Nilihesabu kimoyomoyo sahani zote za maharagwe, nikaacha.

Tulipigana Jumapili baada ya ibada, mbele ya soko kama mama wa sambaza alivyotaka, kwenye kipande cha lava kilichosawazishwa kwa changarawe na kuzungushiwa kamba za lori. Nafikiri mji wote ulikuwepo. Raundi sita. Ya kwanza tuliogopana. Ya pili nilimpata kwa mkono wa kushoto, ngumi ya chini inayopanda, na kwa kuwa alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji aliondoka ardhini. Nasema kweli, nilimwona hewani. Akaanguka kwa makalio, miguu mbele, akakaa hapo na uso wa mshangao mkubwa, na Mabanga wakapiga kelele nilizozisikia ndani ya mifupa. Mwalimu akahesabu mpaka nane. Fundi akasimama.

Na mimi nikawa nimekwisha. Raundi ya tatu pumzi ikakata. Raundi ya nne miguu ikawa mizito kama nimeifunga madumu ya mawese. Zile kilo sita zilikaa zote mbele yangu na hazikunisaidia kitu, naye alinizunguka kama inzi, moja ya sikio, moja ya mbavu, anatoka, anarudi. Nilimwinda mpaka kengele ya mwisho. Niligusa hewa tu.

Mwalimu alijumlisha alama zake kwa muda mrefu, kisha akainua mkono wa fundi viatu.

Nilikuwa nimeshindwa mara kumi na moja kabla ya hapo, na kila mara nilijua saa ya kuanguka. Hii sikuijua. Nilikuwa nimetaka kushinda kwa mwili wangu wote na nikashindwa kwa mwili wangu wote. Nilisubiri uchungu, ukaja, lakini ulikuja na kitu kingine, wepesi fulani, kama mtu aliyetua mzigo ambao amebeba muda mrefu hata akadhani ni mgongo wake. Nilimkumbatia fundi nikamwinua juu mimi mwenyewe, maana nguvu za kuinua nilibaki nazo.

Muzee akavuka kamba na mkanda. Niliogopa kumtazama. Akaufunga kwenye kiuno cha fundi, ukalegea, akaukaza tundu mbili, akamwambia:

"Siku ya posho, samli. Si mafuta ya kupikia, unasikia? Na usiache kwa jua."

"Muzee, samli nitaitoa wapi mimi?"

Muzee akafikiri. "Basi siku ya posho uilete kwangu," akasema.

Hivyo ikawa. Kila Jumamosi fundi alivuka lava kutoka Murara na mkanda ndani ya gazeti, wakakaa wawili mlangoni pa kibanda cha mbao cha muzee, wakaupaka.

Bingwa mmoja, basi, uzito mmoja. Tulipata tulichotaka. Na katika muda wa miezi michache ngumi za Goma zikapoa. Murara hawakuwa na wa kumtukana, Mabanga hawakuwa na wa kumtetea. Mazoezini vijana walipungua. Wale mama wa sambaza walinilaumu waziwazi: "Muliona? Tulisema! Sasa Jumapili tunabishana juu ya nini? Hali ya hewa?" Fundi ndiye aliyeteseka zaidi. Alikuja kwangu siku moja bila mkanda.

"Jitangaze tena," akasema.

"Nini?"

"Sema ulionewa. Sema mwamuzi alikosea hesabu. Mabanga watakubali saa hii hii. Niko shampio wa nani mimi, kama haunipingi?"

"Lakini haukunionea. Ulinishinda."

"Mimi najua! Weye unajua! Lakini batu wanahitaji kitu!"

Ndio wakati ule vita vya kugawana nchi vilipokuwa vinaamuliwa mezani, na tukatangaziwa kwenye redio kwamba Kongo sasa ina prezida mmoja na makamu wanne. Mabanga walifurahi mno. Walinijia ujumbe mzima, mama mwenye depo mbele: fundi abaki shampio, mimi niwe makamu wa shampio, na kama kuna wengine watatu wajitokeze. Muzee alikuwa ameshaanza kutafuta ngozi. Nilicheka mpaka nikaumwa ubavu, nikakataa. Waliniona mwenye kiburi. Haikuwa kiburi. Nilikuwa nimepata pambano moja la kweli, na nisingelibadilisha na cheo cha uongo hata kama mji mzima uliniomba kwa mapenzi.

Lakini nilijua pia kwamba nikikaa watanishinda. Wangeniomba kila Jumapili, na siku moja ningesema ndiyo, ili tu kuwafurahisha. Boti za kwenda Bukavu zilikuwa zinajaa, njia zinafunguka, na watu walikuwa wanazungumza juu ya Uvira, Kalemie, kama majina ya mitaa ya jirani. Miguu yangu ilianza kuniwasha. Niliaga Jumanne. Muzee alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaninusa nywele kama anavyomnusa mtu wa kwao, akasema niende nikapigane na watu wa maana. Mama mwenye depo alinipa kilo mbili za maharagwe, na akaapa kwamba ni mbili.

Fundi viatu alinisindikiza bandarini. Alikuwa amenikasirikia, akatembea mbele yangu njia nzima. Nilipanda. Boti ikafungua kamba, maji yakawa kati yetu, na hapo wapagazi wakamtambua.

"Shampio! Huyu ndiye ulimpiga?"

Sikusikia jibu lake, injini ilikuwa imewaka. Nilimwona tu akiweka kofia chini, akiwasogeza watu nyuma kwa mikono ili apate nafasi. Akaonyesha mkono wa kushoto, ngumi ya chini inayopanda. Akaionyesha tena polepole, ili waelewe. Kisha akaruka, yeye mwenyewe bingwa wa Goma, akajitupa kwa makalio kwenye saruji ya bandari, miguu mbele, akakaa hapo na ule uso wa mshangao, na wapagazi wakaangua kicheko, na mmoja akaanza kumhesabia.